Mnazi Hujibu kwa Kuchelewa: Hali ya Hewa na Mavuno ya Nazi Wilayani Pangani

Mazungumzo ya huduma za ugani kwa wakazi wa kata



Katika wilaya hii mnazi si mti wa pambo. Makuti yake huezeka nyumba, chelewa zake hufanywa fagio, makumbi yake husokotwa kamba, na tui lake huunga kitoweo. Nazi zinazobaki baada ya matumizi ya nyumbani huuzwa, na fedha hiyo hununua daftari za watoto na dawa za wazee. Kwa sababu hiyo, kole zinapopungua juu ya mti, nyumba nzima hupata habari. Mwenye shamba hutazama juu, hutikisa kichwa, kisha huuliza: mti umezeeka, umerogwa, umeugua, au umechoka tu? Mara nyingi swali hilo hujibiwa na mwenye msumeno, ambaye huutazama mnazi kwa jicho la mbao.

Mazungumzo haya yanakusudia kueleza jambo moja: mnazi hujibu hali ya hewa kwa kuchelewa. Nazi inayoangushwa leo ni jibu la mvua na jua vya miaka iliyopita. Asiyelijua hilo huweza kuukata mti wenye uzima kwa kosa la mwaka uliokwisha kupita, na huweza pia kuuacha mti wenye maradhi akidhani ni kiu tu.

Safari ya nazi

Wazee wa mwambao waliipa kila hatua ya nazi jina lake. Kwanza huwa upunga, kisha kidaka, kitale, dafu, koroma, na mwisho nazi. Majina hayo sita hutaja safari inayoonekana kwa macho, ambayo huchukua takribani miezi 11 hadi 12 tangu karara lipasuke na upunga utoke nje.

Lakini kabla ya karara kupasuka kuna safari nyingine iliyofichika. Ndani ya kilele cha mnazi, mahali ambapo jicho la mkwezi halifiki, karara huanza kuumbwa likiwa dogo kuliko punje ya mtama. Tangu kuanza kuumbwa hadi kupasuka, hupita takribani miezi 32. Safari zote mbili zikijumlishwa, nazi moja huwa imebebwa na mti kwa zaidi ya miaka 3 na nusu.

Mnazi mkubwa wenye afya hutoa takribani kuti moja kila mwezi, yaani makuti 12 hadi 14 kwa mwaka, na kila kuti hubeba karara moja katika kwapa lake. Ndiyo maana mnazi mzuri huwa na mizigo ya umri mbalimbali kwa wakati mmoja: nazi zilizokomaa chini, madafu juu yake, vitale na vidaka juu zaidi, na karara lililofunga karibu na kilele. Ukame ukija, huikuta mizigo yote hiyo njiani, na kila mmoja hudhurika kwa namna yake.

Mvua, jua na joto

Mnazi hupenda joto la wastani wa nyuzi 27 hivi, na hukua polepole joto linaposhuka chini ya nyuzi 20 kwa muda mrefu. Ndiyo sababu mtu anayepanda kutoka mwambao kuelekea milima ya Usambara huona minazi ikipungua hatua kwa hatua, na mwishowe ikitoweka. Kwa upande wa joto, Pangani haina upungufu. Jua nalo linatosha, ila mawingu mazito ya wiki nyingi mfululizo hupunguza uzazi, kwa kuwa mnazi hautengenezi chakula cha kutosha kivulini. Ndivyo ilivyo pia kwa mche uliopandwa chini ya mwembe mkubwa: hurefuka bila kunenepa, na huchelewa kuzaa.

Upungufu wa Pangani upo kwenye maji. Mnazi hustawi vizuri zaidi unapopata mvua ya milimita 1,500 hadi 2,000 kwa mwaka, iliyotawanyika miezi mingi. Mvua ya wilaya hii huzidi milimita 1,000 kwa kiasi kidogo tu katika miaka mingi, nayo huja kwa mafungu mawili: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati ya mafungu hayo kuna miezi mikavu. Miezi mitatu mfululizo isiyo na mvua ya maana hutosha kuudhuru mnazi usio na maji ya chini ya ardhi yaliyo karibu.

Hivyo vuli kwa mnazi si mvua ya ziada. Vuli ikishindwa, ukavu unaoanza baada ya masika huungana na kiangazi cha Januari na Februari, na mti hukaa karibu mwaka mzima ukiishi kwa akiba. Mnazi hauna mzizi mkuu wa kuzama kutafuta maji ya kina kirefu. Mizizi yake ni mingi, myembamba, na sehemu yake kubwa imetanda katika umbali wa mita 2 kutoka kwenye shina, ndani ya udongo wa juu. Udongo huo ukikauka, hakuna ghala jingine la kuchota.

Mfano wa vuli ya 2022

Mwishoni mwa 2022 vuli ilichelewa na kuwa haba katika sehemu kubwa ya mwambao, hata jiji la Dar es Salaam likaingia katika mgawo wa maji kwa sababu Mto Ruvu ulipungua. Mkulima wa mihogo aliliona pigo hilo ndani ya miezi michache. Kwa mkulima wa nazi, hesabu ilikuwa ndefu zaidi.

Kwanza, vidaka vilivyokuwa juu ya mti wakati huo vilipukutika. Hata katika mwaka mzuri, vidaka vinavyofika kuwa nazi ni chini ya nusu. Katika ukame idadi hiyo hupungua sana. Vidaka hivyo vingekuwa nazi mwishoni mwa 2023. Pili, madafu na makoroma yaliyobaki yalikosa maji ya kujaza nyama, na nazi zake zikawa ndogo, zenye tui jepesi. Tatu, na hili ndilo husahauliwa, makarara yaliyokuwa yakianza kuumbwa ndani ya kilele nayo yaliathirika. Karara lililoanza Novemba 2022 hupasuka takribani katikati ya 2025, na nazi zake hukomaa katikati ya 2026.

Kwa hiyo mwenye shamba aliyepokea mvua nyingi za El Niño katika vuli ya 2023 alikuwa na haki ya kutarajia neema, lakini hakuwa na haki ya kuitarajia mwaka uleule. Mti ulikuwa bado unalipa deni. Aliyeukata kwa hasira mwaka 2024 alikata mti uliokwisha kunywa maji na kuanza kujirekebisha. Mche wa mnazi mrefu uliopandwa mahali pake unahitaji miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa, hali mti uliokatwa ungeweza kuzaa kwa miongo kadhaa zaidi.

Shina ni daftari

Mwenye kutilia shaka maneno haya na alitazame shina la mnazi wake. Tofauti na mwembe au mkorosho, shina la mnazi halinenepi tena baada ya kuumbwa. Sehemu iliyoumbwa katika miaka ya shida hubaki nyembamba kama kiuno mpaka mti unapoanguka, na sehemu iliyoumbwa katika miaka ya neema hubaki nene. Makovu yaliyoachwa na makuti husaidia kuhesabu: makovu 12 hadi 14 ni sawa na mwaka mmoja. Anayehesabu kutoka chini ya kilele kwenda chini, akikumbuka kwamba makuti yaliyo kileleni peke yake ni ya zaidi ya miaka miwili, ataweza kukadiria miaka ambayo mti wake uliteseka na miaka uliyonawiri.

Mti wenye kiuno kimoja na unene mzuri juu yake ni mti uliopona. Mti unaozidi kukonda kuanzia katikati mpaka kileleni, bila kurudi unene, unadai uchunguzi.

Maji mengi, upepo na bahari

Hali ya hewa haidhuru kwa ukame peke yake. Mnazi hupenda maji yanayopita, na huchukia maji yaliyotuama. Katika mabonde ambako maji ya masika husimama wiki nyingi, mizizi hukosa hewa, makuti hugeuka manjano, na mti hudumaa huku miguu yake ikiwa ndani ya maji. Dawa yake ni mfereji. Mbolea peke yake haitoi hewa kwenye mizizi.

Upepo wa kawaida wa kaskazi na kusi hauudhuru mnazi uliokomaa. Mwili wake uliumbwa kwa ajili ya upepo. Tufani ni jambo jingine. Historia ya mwambao inakumbuka tufani ya Aprili 1872, iliyoangusha sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu ya Unguja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika eneo la Mafia, kikaleta upepo na mvua kubwa katika mwambao. Yafaa wakazi wazingatie tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na wakwezi wasipande mti siku ambayo tahadhari imetolewa. Radi nayo huua minazi, wakati mwingine kadhaa iliyosimama pamoja.

Madhara ya upepo huendelea baada ya upepo kutulia. Magogo yaliyoachwa yaoze shambani huwa malezi ya chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe atobaye kilele. Dalili yake ni makuti mapya yanayofunguka yakiwa yamekatika kama yamepunguzwa kwa mkasi. Shamba lisilosafishwa baada ya dhoruba huweza kupoteza kwa chonga miti ambayo upepo uliiacha.

Bahari na mto vinahitaji neno lake. Mnazi huvumilia chumvi ya upepo wa pwani, na hata maji ya chumvichumvi yanayopanda na kushuka. Hauvumilii maji ya chumvi yaliyotuama kwenye mizizi. Katika maeneo ya karibu na mlango wa Mto Pangani, maji ya bahari hupanda mtoni maji matamu ya kutoka bara yanapopungua, ama kwa ukame, ama kwa matumizi makubwa ya maji huko juu. Ufukweni, mawimbi yanaendelea kula ardhi. Kisiwa cha Maziwe, ambacho wazee wanakikumbuka kikiwa na miti, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Anayepanda minazi mipya hatua chache tu kutoka kwenye mstari wa bamvua anapanda kwa ajili ya bahari. Ni heri kurudi nyuma, na kuiacha mimea ya asili ya ufukweni na mikoko ishike udongo.

Kutofautisha kiu na maradhi

Kuchelewa kwa mnazi kujibu kuna hatari ya pili. Mtu akizoea kusema "ni ukame tu, utapona", huweza kukaa kimya mbele ya ugonjwa usiopona. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeangamiza minazi mingi katika mwambao wa Tanzania Bara. Husababishwa na vimelea vidogo mno vinavyoishi katika mishipa ya mti inayopitisha chakula, na hakuna dawa ya mkulima inayouponya mti uliokwisha kushikwa. Ni lazima basi kuzijua tofauti.

Mnazi wenye kiu huanza kwa makuti ya chini. Hulegea, huning'inia kando ya shina na kukauka. Vidaka hupukutika, makuti mapya huwa mafupi, lakini kilele hubaki kijani na kimesimama. Mvua ikirudi, makuti mapya hutoka yakiwa na nguvu. Katika shamba zima, miti iliyo kwenye kichuguu au mchanga mkavu huteseka zaidi kuliko iliyo karibu na maji.

Mnazi wenye ugonjwa wa kunyong'onyea hudondosha nazi za umri wote, kuanzia vidaka hadi zilizokaribia kukomaa. Upunga mpya ukifunguliwa huonekana umekuwa mweusi. Umanjano hupanda kutoka makuti ya chini kwenda ya juu, hata kama udongo una maji. Kisha kilele huoza na kuanguka, na shina hubaki limesimama kama mlingoti usio na tanga. Yote hayo hutokea ndani ya miezi michache, na mara nyingi mti wa jirani hufuata.

Mkulima anayeona upunga mweusi pamoja na nazi za umri wote zikidondoka asingoje msimu upite. Amwarifu afisa ugani wa kata, au aache taarifa katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, mti utazamwe mapema. Ukithibitishwa kuwa na ugonjwa huo, ndipo kuukata na kuuondoa shambani kunakuwa na maana.

Kuna pia nazi zinazodondoka zikiwa na makovu na utomvu uliogandamana kwenye ngozi. Hiyo ni kazi ya mdudu anayefyonza nazi changa. Adui yake mkubwa ni chungu maji moto, wanaoshona majani kuwa viota. Wakwezi hawawapendi, kwa sababu zinazojulikana, lakini shamba lenye maji moto wengi hupoteza nazi chache kwa mdudu huyo. Miti ya matunda kama michungwa iliyochanganywa kati ya minazi huwapa makazi.

Kazi za kila msimu

Kwa kuwa matokeo huchelewa, kazi lazima itangulie. Kabla ya masika, mashimo ya miche yachimbwe, yenye upana na kina cha sentimita 60 hadi 90, kwa nafasi ya mita 9 kati ya mti na mti. Nafasi hiyo hutosha takribani miti 50 katika ekari moja. Chini ya shimo yapangwe makumbi, upande wa ndani ukitazama juu, kwa kuwa kumbi hunyonya maji ya mvua na kuyatoa polepole wakati wa ukavu. Mvua za kwanza zikishika, mche upandwe.

Mbegu ichaguliwe kwa kumbukumbu. Mti mama mzuri ni ule ulioendelea kuzaa, japo kwa kiasi, katika miaka ambayo jirani zake walinyamaza. Nazi zake zingojwe zikomae kabisa, na miche dhaifu iondolewe kitaluni bila huruma. Kwa ushauri wa aina bora, watafiti wa minazi wapo katika kituo cha TARI Mikocheni, na afisa ugani ndiye njia ya kuwafikia.

Baada ya masika, udongo ungali na unyevu, kila mnazi ufyekewe duara la mita 2 na kufunikwa kwa makuti makavu na majani. Hapa panahitajika kuacha desturi moja: kuchoma makuti shambani. Anayechoma makuti mwezi Agosti anachoma shuka ambalo mti wake ungejifunika hadi vuli, na moto huo huunguza mizizi iliyo karibu na uso wa ardhi. Katika kiangazi, miche ya mwaka wa kwanza na wa pili ipewe kivuli na maji. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi huokoa miche michache iliyo karibu na nyumba.

Kopo na daftari

Jambo la mwisho halina gharama. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi mbali na miti na paa, hupima mvua. Asubuhi kina cha maji kipimwe kwa rula, kiandikwe kwa milimita pamoja na tarehe, kisha maji yamwagwe. Katika daftari hilohilo iandikwe idadi ya nazi katika kila mwangusho. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya kazi hiyo.

Miaka minne ikipita, daftari hilo litamweleza mwenye shamba jambo ambalo hakuna mgeni awezaye kumweleza. Litamwonyesha mvua ipi ilizaa nazi zipi. Siku mwenye msumeno atakapokuja na fedha mkononi akisema mti huu umekwisha, mwenye shamba hatajibu kwa hasira wala kwa kubahatisha. Atafungua daftari, atatazama kilele na upunga, na kama kiu ndiyo iliyoupunguza mti, atamwambia arudi nyumbani na msumeno wake.